Aliugua kwa Muda Mfupi

Katika kijiji cha Litundu, ukifa, Mwalimu Bonifasia atakuandika. Hilo halina mjadala. Unaweza kuwa umegombana naye miaka kumi kwa ajili ya mpaka wa shamba, lakini siku yako ikifika watoto wako watakwenda kwake na cheti chako cha ubatizo, naye atavaa miwani, atafungua kaunta buku lake, na atakuandika vizuri kuliko ulivyoishi.

Kazi hiyo aliianza alipokuwa bado anafundisha darasa la tano, na alipostaafu hakuna aliyekumbuka kumstaafisha na hiyo. Watu wa Litundu hulia kwa Kimatengo na hutaniana kwa Kimatengo, ila wasifu wa marehemu husomwa kwa Kiswahili, maana padri ametoka mbali na waombolezaji wengine hupanda kutoka ziwani. Kiswahili cha Mwalimu kilikuwa kimenyooka. Akikusoma, hata waliokuchukia hutikisa kichwa wakaona kweli kumepungua mtu.

Wasifu ulikuwa na mpangilio wake: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto, kazi, ugonjwa, kifo. Penye ugonjwa ndipo palipohitaji fundi. Aliyelala kitandani chini ya mwezi mmoja aliandikwa “aliugua kwa muda mfupi.” Aliyezidisha hapo, “aliugua kwa muda mrefu.” Aliyeamka mzima na kufikia jioni yuko kwenye jeneza, “aliugua ghafla.” Basi. Jina la ugonjwa halikutajwa.

Wala haikuwa woga wa bure. Mwanzoni kabisa, akiwa bado kijana, Bonifasia aliwahi kuandika kwamba mzee mmoja alifariki baada ya kula uyoga wenye sumu. Ilikuwa kweli tupu. Lakini watu wa Litundu ukiwaambia mtu ameuawa na kitu, hawaulizi kitu gani. Wanauliza nani alimpa. Uyoga ule ulipikwa na shemeji wa marehemu, mwanamke mpole asiyejua hata kukemea kuku, na kabla juma halijaisha alikuwa amehamia Chiwanda na vyungu vyake. Mpaka leo hajarudi. Tangu siku hiyo Bonifasia aliifunga kalamu yake mdomo, na kijiji kilimshukuru.

Ndipo ilipokuja dawa ya mfuniko mwekundu.

Ilikuwa dawa ya kupulizia mibuni, na ilifanya kazi, hilo lisemwe. Wadudu walikufa, na nyuki walikufa, na kuku waliokula wale wadudu walikufa pia. Iliuzwa na Kampuni moja kubwa kutoka ng'ambo, yenye jina refu ambalo Litundu ililikatia tamaa mapema ikaiita Kampuni tu. Kule kwao dawa hiyo ilikuwa imepigwa marufuku, kwa hiyo ilikuwepo ya kutosha kutuletea sisi. Kwenye galoni kulikuwa na maandishi ya lugha tatu, Kiswahili hakimo, na picha ya mtu aliyevaa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, kama anayekwenda mwezini. Lakini galoni hawakuwa wanaliona wengi. Mkulima mwenye mibuni mia mbili hanunui galoni. Anakwenda na chupa yake ya soda dukani kwa Bartholomayo, naye Bartholomayo anampimia.

Mpulizaji bora wa Litundu alikuwa Othmar, kitinda mimba wa kwao Bonifasia. Miteremko ya huku si ya kuchezea. Mtu mwenye akili zake huishuka kwa kushikilia nyasi. Othmar aliishuka na bomba limejaa mgongoni, huku anapiga mluzi, na hakuwahi kuteleza. Watu walimwita hadi vijiji vya jirani. Kuhusu nguo za mwezini, alikuwa na shati la khaki na kofia ya zamani ya marehemu baba yao. Bomba lilikuwa linavuja kidogo pale chini, kwa hiyo alitanguliza gunia mgongoni. Gunia likilowa, aligeuza upande wa pili.

Mwaka juzi binti wa Tadea, Ida, mwenye miaka sita, alikuta chupa ya soda ya machungwa kwenye dirisha la bibi yake. Hakufika zahanati. Kila mtu alijua ile chupa ilikuwa na nini na iliwekwa na nani, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyesema. Bibi alikuwa amekaa mkekani hali wala hanywi. Bonifasia akaandika: “Ida aliugua ghafla.” Aliisoma sentensi hiyo kwa sauti yake ileile iliyonyooka.

Juma lililofuata alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Erasmo.

“Tutunge sheria ndogo,” alimwambia. “Dawa isipimwe kwenye chupa za soda. Wanaopulizia wavae mavazi. Na hii ya mfuniko mwekundu isiuzwe Litundu kabisa, ziko nyingine.”

Erasmo alikuwa mtu aliyependa mhuri wake kuliko vitu vingi, na sheria ndogo ni jambo lenye mihuri mingi. Alikubali palepale. Rasimu ikaandikwa na Mwalimu, ikabandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, ikisubiri mkutano mkuu wa kijiji na kisha idhini ya wilayani.

Litundu ilikuwa imeomba daraja kwa miaka minane bila afisa yeyote kufika. Sheria ndogo haikumaliza majuma matatu ukutani, gari likaja.

Aliyeshuka aliitwa Glorious, afisa mahusiano na wadau wa Kampuni. Watu walikuwa wamejiandaa kumchukia, lakini aliwaharibia mipango, maana alikuwa na adabu. Alisema shikamoo kwa kila aliyemzidi hata mwezi mmoja. Alikula ugali wa Erasmo akaongeza. Akasema Kampuni imefurahi mno kuona kijiji kinachojali afya, na kwamba ingependa kuwaalika wadau wote kwenye warsha kule Mbamba Bay.

Wadau walikuwa watu thelathini, wakiwemo Bonifasia, Tadea na Bartholomayo wa dukani. Waliteremshwa ziwani kwa basi dogo, wakapewa kofia nyekundu, kalamu, na mbasa mzima kila mtu, samaki ambaye mtu wa milimani humwona kwenye harusi za wengine. Ukumbi ulitazama maji. Ukutani palikuwa na bango: Warsha ya Kujenga Uelewa wa Pamoja.

“Kampuni haipingi sheria,” alisema Glorious. “Naomba hilo lieleweke, wazazi wangu. Kampuni inapenda sheria. Tunachoomba ni sheria iliyo bora, na sheria bora huhitaji muda.”

Akaeleza kuwa wawekezaji ni watu wa kushtuka haraka. Akaeleza kuwa mkiizuia dawa yenye lebo, itaingia ya magendo kutoka ng'ambo ya ziwa, isiyo na lebo.

Tadea akasimama. “Na hii yenye lebo, mtoto asiyejua kusoma atafanyaje?”

“Swali zuri sana, mama,” alisema Glorious, na aliliandika. “Tumelichukua.”

Walichukua maswali mengi siku ile. Hakuna lililorudishwa.

“Kubwa zaidi,” Glorious aliendelea, “ni ushahidi. Tunasikia watu wamedhurika, na tunaumia. Lakini je, kuna takwimu?”

Zahanati haikuwa nazo. Nesi huandika waliofika, na wengi hawakufika. Erasmo akaona kijiji chake kinadharauliwa mbele ya watu wa ziwani. Akanyanyuka.

“Takwimu zipo!” alisema. “Sisi hatufi ovyo. Mwalimu wetu hapa ameandika kila marehemu wa Litundu tangu miaka ya themanini. Tarehe, ugonjwa, kila kitu.”

Watu wakapiga makofi. Bonifasia naye, tuseme ukweli, alisikia raha. Miaka yote ile hakuna mtu wa mbali aliyewahi kuuliza habari za daftari lake. Glorious aliomba kuliazima kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea komunyo, naye akampa.

Lilirudi baada ya majuma mawili limevalishwa jalada zuri la plastiki. Ndani yake palikuwa na ripoti. Bonifasia aliisoma amesimama mlangoni. Ripoti ilisema kwamba kati ya vifo arobaini na saba vilivyotokea Litundu tangu bidhaa ianze kutumika, kwa mujibu wa kumbukumbu huru zilizotunzwa kwa umakini mkubwa na jamii yenyewe, hakuna hata kimoja kilichohusishwa na bidhaa. Ukurasa wa mwisho ulimshukuru Mwalimu Bonifasia kwa mchango wake katika sayansi.

Alikaa chini pale kizingitini. Arobaini na saba. Aliwajua wote, na kumi kati yao aliwaona kwa macho yake wakitokwa na mate na jasho, wakitetemeka. Ida alikuwa wa kumi na moja. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba, na ubaya wa hasira ile ni kwamba haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwake mwenyewe. Hakuna uongo Kampuni iliouongeza. Walinakili wa kwake tu.

Sheria ndogo ikawekwa kando kusubiri utafiti wa miaka mitatu. Kampuni, kwa moyo wa ushirikiano, ikakipa kijiji turubai kubwa la misiba na viti mia mbili vya plastiki. Juu ya turubai palichorwa mfuniko mwekundu, na chini yake maneno: Tunajali Familia Yako. Kabla ya hapo Litundu ilikuwa inaombolezea chini ya maturubai ya kuanikia kahawa, yenye matundu. Na mila ya huku ni kwamba aliyewafunika wafiwa na yeye ni mfiwa. Hukaa mstari wa mbele na ndugu. Kwa hiyo Kampuni ikawa ndugu wa kila marehemu. Glorious alijitahidi kuhudhuria kila alipopata nafasi, na alikaa vizuri, ameinamisha kichwa.

Wakati huo Othmar hakuwa anapiga mluzi tena. Ilianza mikono, ikafuata miguu, na mwisho hata kikombe cha chai kilimshinda. Hakuweza kukaa kwenye benchi bila kuanguka, kwa hiyo Bonifasia alikwenda ofisi ya kijiji akaazima kiti kimoja cha Kampuni chenye mikono, akakiweka barazani kwake mwenyewe. Othmar alikaa hapo miezi minane, akitazama miteremko, na kiti kikigonga sakafu chini yake ta-ta-ta bila kukoma.

“Dada,” alisema siku moja mchana, “utaniandika muda mfupi au muda mrefu?”

“Acha uchuro.”

“Nauliza nijipange tu.”

“Muda mrefu,” alisema Bonifasia, akimfuta mate. “Miezi minane si mfupi.”

“Mimi siugui, dada. Nimeivaa ile dawa mgongoni miaka kumi na sita. Andika hivyo.”

“Nikiandika hivyo watauliza nani alikupa.”

“Si uwajibu.”

Shamba la mwisho alilolipulizia Othmar lilikuwa la Bonifasia. Dawa aliinunua mwenyewe, akapimiwa kwenye chupa ya soda, akamkabidhi mdogo wake mkononi. Kiti kiliendelea kugonga.

“Ulinipa na uji,” alisema Othmar, kwa upole, kana kwamba anamkumbusha jambo zuri.

Alifariki Jumanne. Alhamisi turubai lilisimamishwa, viti vikapangwa, na Glorious akafika mapema, akampa mjane pole kwa mikono miwili, akakaa mstari wa mbele, kiti cha pili. Padri alimaliza sala. Katekista akamwita Mwalimu.

Bonifasia alisoma. Othmar alizaliwa mwaka sabini na tisa. Alibatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto wanne. Kazi yake ilikuwa kupulizia mibuni, na hakuwahi kuteleza. Sauti ilikuwa ileile. Kisha akafika penye ugonjwa. Watu walisubiri. Walikuwa na maneno matatu ya kuchagua, na wote walishajua ni lipi.

“Marehemu hakuugua,” alisoma Bonifasia. “Marehemu ameuawa na dawa ya mfuniko mwekundu, iliyomvujia mgongoni miaka kumi na sita. Mtauliza nani alimpa. Nilimpa mimi, Bonifasia, dada yake. Mimi nilinunua kwa Bartholomayo. Bartholomayo alinunua Mbinga mjini. Mbinga mjini walinunua kwa Kampuni. Na Kampuni, kwa kuwa ni mfiwa mwenzetu, imekaa pale mbele, kiti cha pili.”

Bartholomayo aliangalia viatu vyake. Bonifasia aliona mjane wa Othmar anainuka na kumjia, naye akavua miwani, maana alitegemea kofi na miwani ilikuwa mpya. Alimfikiria yule mwanamke wa uyoga na vyungu vyake. Alikuwa tayari hata kwa Chiwanda.

Mjane alisimama mbele yake, akashika ukingo wa karatasi.

“Soma tena, wifi,” alisema. “Wa nyuma hawakusikia.”

Akasoma tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii sauti haikunyooka. Alipomaliza, Tadea alikuwa amesimama.

“Na wangu,” alisema Tadea. “Wangu umsahihishe.” Bibi wa Ida alikuwa kando yake, ameshikwa mkono. “Mwalimu,” alisema yule bibi, “niandike. Chupa niliiweka mimi, lakini usiishie kwangu. Wataje wote.”

Ikabidi kaunta buku liletwe. Walisimama mmoja mmoja, familia kumi na moja, na jeneza la Othmar likasubiri, na katekista akawa anatazama jua. Kila mmoja alisahihishwa na kusomwa upya, na kila mara orodha ya waliotoa iliishia palepale, kiti cha pili. Glorious hakuondoka. Mfiwa haondoki kabla ya udongo, hilo alishalijua. Makaburini Erasmo alimkabidhi koleo kama ndugu mwingine yeyote, naye akafukia kaburi la Othmar kwa viatu vyake vya mjini hadi mwisho. Macho yake yalikuwa na maji. Huenda ni vumbi.

Mkutano mkuu wa kijiji uliipitisha sheria ndogo kwa mikono yote, wa Bartholomayo ukiwemo. Erasmo aliigonga mihuri mpaka wino ukaisha. Ikapelekwa wilayani, nako wakajibu kwamba iko kwenye mchakato, na wadau wengine wameomba kusikilizwa. Kampuni nayo ilileta barua: kumbukumbu za Litundu zimefanyiwa mabadiliko kwa hisia, kwa hiyo haziaminiki tena, zilizokuwa za kuaminika ni zile za kwanza. Lakini dukani dawa ilishaacha kupimwa. Bartholomayo alisema anasubiri sheria kama raia mwema. Ukweli ni kwamba hakuna mtu Litundu aliyetaka kusomwa kwenye orodha ya waliotoa mbele ya padri.

Kisha lilikuja lori kuchukua turubai na viti, kwa kuwa moyo wa ushirikiano ulikuwa umepungua. Wanawake waliviosha vyote. Vijana wawili wa Kampuni wakavihesabu. Vilikuwa mia moja tisini na tisa. Wakahesabu tena, wakiviita kwa namba zilizochapwa chini yake, na kabla ya jioni walikuwa wameshajua ni kipi hakipo, namba yake, rangi yake, na tarehe kilipotoka ghalani. Hawakuhitaji warsha. Ndani ya mwezi mmoja Erasmo alipokea barua tatu kuhusu kiti hicho, ya tatu ikiwa ya wakili.

Aliipeleka kwa Mwalimu, maana Kiswahili chake kimenyooka. Bonifasia alivaa miwani akaandika majibu kwa mtindo wake wa zamani, ule ambao Kampuni ilisema unaaminika:

“Kiti kinachotajwa kilizaliwa kiwandani, tarehe haifahamiki. Kilifika Litundu kikiwa na afya njema. Kazi yake ilikuwa kumbeba marehemu Othmar kwa miezi minane, na hakikuwahi kulalamika. Kiliugua kwa muda mfupi. Sababu ya kututoka haijathibitishwa. Tunashauri utafiti wa miaka mitatu.”

Erasmo alisoma, akasoma tena, akatoa mhuri mfukoni akaupumulia na kugonga. Alipoondoka na bahasha, Bonifasia alitoka nje barazani akakaa kwenye kiti kile. Kiliyumba. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umelika, umekuwa mfupi kuliko mingine kwa upana wa kidole, pale ulipokuwa ukigonga sakafu.